Hisabu ya Jua na Haki ya Kuuliza

Mwenyezi Mungu amelijaalia jua liende kwa hisabu. Juu ya anga, kila mita moja ya mraba inayolielekea hupata wati 1,361 hivi; lakini kabla nuru haijatufikia, mawingu, vumbi na mvuke huipunguza. Basi mwenye kutegemea umeme wa jua hutaka kujua mapema kesho atapata kiasi gani.

Siku hizi kazi hiyo hupewa mashine: hulishwa vipimo vya miaka iliyopita, ikajifunza, kisha ikakadiria. Je, huu si uaguzi? La, maadamu dalili zake zaonekana. Mwaguzi hataki kuulizwa.

Mwaka 1953 Lloyd Shapley wa Marekani alitoa kanuni ya kuwagawia washirika faida kwa kadiri ya mchango wa kila mmoja. Mwaka 2017 Scott Lundberg na Su-In Lee waliitumia kuzichambua mashine. Kadirio huanzia kwenye wastani, kisha mawingu hupewa fungu lao, unyevu fungu lake, saa fungu lake, la kuongeza au la kupunguza, mpaka jumla itimie. Ikionekana mashine imeegemea jambo lisilohusu, hurekebishwa.

Lakini tutahadhari: mafungu hayo hueleza mashine imefikaje kwenye jibu lake, wala si lazima yawe ndiyo sababu yenyewe ya mambo. Vijana wetu, someni hisabu, wala msione haya kuuliza dalili. Ilimu ya kesho iko kwa Mola.