HPV baada ya mionzi si mpango wa kando

Wasee wa Kakamega, hii stori ya "amemaliza mionzi Eldoret na bado ana HPV, lazima anatoka nje" imenichosha. Mionzi hulenga seli za saratani ya mlango wa kizazi. Virusi vinaweza kubaki, na pengine viliingia miaka 10 au 20 kabla hamjaoana. Chanjo ya wasichana ilianza nchini 2019. Yeye alishakuwa mtu mzima. Kipimo hakisemi nani alimpa nani. (Mwanaume hata hapimwi, lakini ndiye jaji!) Cha kutusumbua ni hiki: virusi vikikawia baada ya tiba, hatari ya saratani kurudi huongezeka. Huyo mama anahitaji kurudi kliniki, si kikao cha wazee. Nauli ya Eldoret tunaweza kuchanga.