Mstari wa Manjano Tuliuona, Kidato Bado

Sisi tunaopandia matatu Jogoo Road tunakijua kile kidato cha kwanza cha mlangoni. Kwa mwenye miguu yake miwili kinafika karibu na goti. Kwa mwenye magongo ni ukuta. Saa kumi na mbili unusu asubuhi gari halisimami, linapunguza tu mwendo huku konda akining'inia na kupiga bati, na mwenye mbio ndiye mwenye kwenda mjini.

Jirani yetu wa Umoja hutumia kiti cha magurudumu. Hutoka nyumbani saa kumi na moja, kabla steji haijachacha. Akibahatika kusimamishiwa, swali ni lile lile: "Buda, hiyo kiti unalipia?" Hulipa nauli mbili, yake na ya kiti, na mvua ikinyesha zote mbili hupanda. Kwa hesabu ya konda kile kiti ni gunia la sukuma wiki kutoka Marikiti.

Na si kwamba hatuna sheria. Mwai Kibaki aliapishwa Uhuru Park tarehe 30 Desemba 2002 akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mguu umefungwa plasta baada ya ajali ya gari. Mwaka mmoja na siku moja baadaye, 31 Desemba 2003, akaidhinisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Tukasema, huyu yamemkuta, anajua. Sheria ikamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa ulemavu wake, ikaunda Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, na kifungu cha 23 kikawapa wenye magari ya abiria miaka miwili wayarekebishe. Ilianza kazi Juni 2004. Kifungu cha magari, pamoja na kile cha majengo, vikaachwa nje, vikakaa kabatini hadi Januari 2010.

Sasa linganisha na mambo ya Michuki. Waziri John Michuki alisema kuanzia 1 Februari 2004 kila matatu iwe na mikanda, spidi gavana na mstari wa manjano ubavuni. Nani wa Eastlando amesahau siku zile? Magari yalijificha gereji, nasi tukaingia mjini kwa miguu, mistari kwa mistari, kina mama wameshika viatu mkononi. Wenye matatu walilia kwamba haiwezekani. Ikawezekana. Yalirudi barabarani yamepakwa rangi, mikanda inang'aa, na askari yuko kila kona kuhakikisha. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba matatu hazibadiliki.

Miaka miwili ya kifungu cha 23 iliisha 2012. Katikati hapo tukapata Katiba ya 2010, na Ibara ya 54 ikataja usafiri wa umma waziwazi. Tangu wakati huo nganya zimewekewa skrini, intaneti, taa za rangi zote na spika zinazotingisha meno. Pesa ya kubadilisha gari ipo, tunaisikia hadi kifuani. Kidato ni kile kile.

Nyumba nazo ni hadithi yake. Tembea Kayole au Huruma uhesabu ghorofa: sita, saba, nane, na lifti hakuna. Chini kabisa ni duka, kinyozi na wakala wa M-Pesa, kwa sababu duka hulipa kuliko chumba. Mwenye magongo akiuliza nyumba, keiteka hamtukani. Humwambia tu kwamba chini kumejaa, iliyobaki iko ghorofa ya tano, na tena ina hewa safi.

Huko Industrial Area ni vivyo hivyo. Vibarua husimama nje ya geti kabla jua halijachomoza, msimamizi anatoka na kuchagua kwa kidole: wewe, wewe, na wewe pale nyuma. Mwenye mkono mmoja hajawahi kuambiwa hapana. Kidole humpita tu. Utamshtaki nani, kidole?

Sheria ya 2003 ilizungumzia asilimia 5 ya kazi za kibarua na za mkataba, ila ililiagiza Baraza *lijitahidi* kuzipata. Sisi tunalijua neno hilo. Fundi akikwambia atajitahidi, tafuta fundi mwingine. Mei 2025 Rais Ruto alitia sahihi sheria mpya, ile ya zamani ikafutwa. Mswada uliletwa na Seneta Crystal Asige, ambaye mwenyewe ana ulemavu wa macho, na safari hii asilimia 5 inadaiwa mwajiri mwenyewe, aliye na wafanyakazi kuanzia 20. Hongera zake, kweli kabisa. Lakini askari wa Michuki wako wapi safari hii? Kwenye kizuizi cha barabara bado wanakagua mikanda.

Juzi jirani yetu alichoka kubishana, akamtolea konda kadi yake ya Baraza. Yule kijana aliipokea kwa adabu, akaisoma mbele, akaigeuza nyuma, gari linanguruma na abiria wanapiga vioo.

"Picha imetoka poa, buda," akasema akiirudisha. "Lakini kiti ni hamsini."