Mwenye Duka Naye Anaugua

Tunapozungumzia shida ya matibabu, mara nyingi tunamfikiria maskini asiye na kitu. Leo tungependa tumtazame mtu mwingine: ana nyumba ya bati yenye umeme, watoto wanasoma, na ana duka dogo pale sokoni. Huyu haombi msamaha wa malipo hospitalini, na hata akiomba hapewi. Lakini figo zikishindwa kazi, akatakiwa kusafishwa damu mara tatu kwa juma, duka hilo litakwisha, na kiwanja kitafuata. Je, familia ya namna hii inaweza kumudu matibabu kwa bima na kwa kujipanga? Sisi tunaona kuwa inaweza, ila si kwa namna ambavyo wengi wetu tunafanya.

Tangu uchangiaji wa gharama ulipoanza katika hospitali za Serikali mwaka 1993, mwenye mshahara ndiye aliyepata nafuu mapema. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya 1999 na kuanza kazi 2001. Mtumishi anakatwa asilimia 3 ya mshahara, naye mwajiri anaongeza asilimia 3. Mwalimu wa shilingi 900,000 anatoa shilingi 27,000 kwa mwezi, na kadi inamhudumia yeye, mwenzi wake na wategemezi wanne. Hela hiyo haimuumi sana kwa sababu haipiti mikononi mwake.

Mwenye duka hana mwajiri wa kumkata wala wa kumwongezea. Lazima atoe mwenyewe, kwa mkupuo, tena akiwa mzima. Hapo ndipo penye shida. Wengi husubiri mpaka daktari aseme neno "upasuaji", ndipo waulize bima inauzwa wapi. Tuliona matokeo yake kwenye kadi ya watoto, ile ya shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Mwaka 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ulisitishwa, na Mfuko ulieleza kuwa wazazi wengi walikuwa wakileta watoto ambao tayari ni wagonjwa. Wapo waliolaumu sana, nasi tuliwahurumia wazazi wale. Lakini mfuko wa bima hauna chemchemi ya fedha. Unamtibu mgonjwa kwa michango ya wasiougua. Wakiingia wagonjwa peke yao, unakauka.

Kuna watakaosema hela hakuna. Kwa wengine ni kweli kabisa. Lakini sisi tumekaa kwenye kamati za harusi, tumeona watu hawa hawa wakiahidi laki mbili kwa ajili ya ukumbi na mapambo, na wakazitoa kabla ya tarehe. Watoto wanne kwa ile bei ya zamani walikuwa shilingi 201,600 kwa mwaka mzima. (Hatuchukii harusi, pilau tunaila.) Tofauti ni kwamba harusi ina tarehe, kadi za mwaliko na mtu wa kukufuatilia, na ugonjwa hauna. Basi kikundi cha kuweka na kukopa kingeweza kuifanya bima iwe na tarehe pia: kila mwanachama aweke kidogo kila juma, na mwezi wa mavuno au wa biashara nzuri, kadi zilipwe kabla ya gawio.

Hata hivyo kadi pekee haitoshi. Machi 2024, Mfuko ulipotoa orodha mpya ya bei, baadhi ya hospitali binafsi zilikataa kuwapokea wanachama wake kwa siku kadhaa. Tena bima hailipi nauli ya kwenda hospitali ya rufaa, wala chakula cha ndugu anayemuuguza mgonjwa, na siyo kila dawa imo katika orodha. Kwa hiyo yafaa kuwa na akiba ya pembeni isiyoguswa kwa ada ya shule wala kwa mbolea. Na kabla hujalipia bima yoyote, uliza: hailipii nini? Kuna muda wa kungoja kabla ya kuanza kutibiwa? Ikiwa mgonjwa ana kisukari au shinikizo la damu tangu zamani, atapokewa?

Lipo jambo la mwisho ambalo familia hulikwepa. Yule mwalimu mwenye watoto wanne amekwisha kujaza nafasi zote za kadi yake. Baba na mama kijijini, ambao ndio wanaougua zaidi, hawamo. Simu hupigwa usiku, mzee amezidiwa, na anayebeba ni yule mtoto mmoja mwenye mshahara, kwa mkopo. Tunashauri ndugu wakae chini wakati wazee wangali na nguvu, waamue nani atampisha mzazi kwenye kadi yake, nani atalipia bima ya mzazi wa pili, na yule asiye na kipato atakwenda nao kliniki kila mwezi.