Kitindamlo cha Kopo

Linapotajwa jambo la utamaduni wa taifa, mawazo ya wengi wetu hukimbilia ngoma, vinyago, mavazi na lugha. Mezani hatufiki. Na hata tukifika huko, twaishia kwenye ugali na kitoweo, tukidhani kwamba vitu vidogo vinavyofuata chakula havina uzito wa kuandikiwa makala. Sisi tunasema vina uzito, na tutatumia mfano wa kitu kidogo kuliko vyote: bakuli la kitu kitamu liletwalo mbele ya mgeni baada ya chakula, wakati wa joto, katika sehemu za kusini mwa Wilaya ya Kilosa, baina ya Mikumi na Ruaha.

Msafiri aiachaye barabara kuu ya Iringa pale Mikumi na kushika njia ya Ifakara hupita Kidodi, kisha huingia Ruaha, na mbele yake ndipo ulipo mto Ruaha Mkuu wenyewe, na ng'ambo ni Kidatu. Nchi hii ni nchi ya utamu. Miwa ya kiwanda cha sukari cha Kilombero imefunika pande zote mbili za mto, Ruembe upande wa Kilosa na Msolwa upande wa Kilombero. Katika milima ya Vidunda ndizi hustawi bila kubembelezwa. Miembe haihesabiki. Hata Mikumi imepewa jina la mti uzaao tunda liliwalo, kwani mikumi si kitu kingine ila mivumo. Mtu angetegemea kwamba katika nchi kama hiyo mgeni hawezi kuinuka mezani bila kuonja tunda.

Basi na tueleze tuliyoyaona. Ilikuwa Desemba, jua liko utosini, nasi tumekaribishwa chakula cha mchana katika nyumba moja ya wageni ya sehemu hizo. Nje ya ua wameketi akina mama na mafungu ya maembe: dodo, bolibo na sindano. Mengine yalikwisha kupasuka kwa kuiva, na nyuki wanayazengea. Ndani, baada ya wali na kuku, tukaletewa vibakuli vya kioo. Chini jeli nyekundu ya pakiti. Katikati vipande vya nanasi la kopo lililovuka bahari. Juu yake kastadi ya manjano. Mwenyeji wetu akasimama pembeni akitutazama kwa fahari, kama mtu aliyetutendea wema mkubwa. Na kwa kweli nia yake ilikuwa njema. Hilo ndilo lililotusikitisha zaidi.

Tarehe 10 Desemba 1962, nchi ilipokuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza kuanzishwa kwa wizara ya kushughulikia utamaduni wa taifa, na katika hotuba ile aliwasikitikia wasomi ambao walijua kucheza dansi za Kizungu kuliko ngoma za kwao. Ngoma zimetetewa tangu siku ile, na kwa kiasi fulani zimepona. Embe halijapata mtetezi.

Hebu tukichunguze kibakuli kile, maana kina mafunzo. Kastadi ya unga, ambayo wapishi wetu huiheshimu kama siri kuu ya mapishi ya kisasa, ilibuniwa Birmingham mwaka 1837 na mwuza dawa mmoja, Alfred Bird, kwa sababu mkewe alidhurika kila alapo mayai. Akatafuta namna ya kutengeneza kastadi isiyo na yai, akatumia unga wa mahindi na rangi. Ni jambo la mapenzi ya mume kwa mkewe, nasi hatuna ugomvi nalo. Lakini Mkaguru na Msagara, ambao hulima mahindi na kufuga kuku, wana haja gani ya kununua kwa bei ya pakiti unga wa mahindi uliotiwa manjano ili uonekane kama yai?

Na jeli je? Jeli hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, aghalabu ng'ombe au nguruwe, na pakiti nyingi hazielezi ni mnyama gani. Katika wilaya yenye Waislamu wengi, mtu angedhani jambo hilo pekee lingewatia wapishi wasiwasi. La ajabu zaidi ni hili: jeli hiyo haiganди ikitiwa nanasi lisilopikwa, wala papai lisilopikwa. Nanasi lina kimeng'enya kiitwacho bromelini, na papai lina papaini. Vyote viwili huvunja protini, na jeli ni protini. Bibi zetu hawakuwa na majina hayo, lakini walijua kazi yenyewe, ndiyo maana nyama ngumu waliilainisha kwa papai bichi au majani yake. Nanasi la kopo limechemshwa, nguvu yake imeuawa, kwa hiyo linapatana na jeli. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba mpishi akishaichagua jeli, amekwisha kulikataa tunda la shambani. Si kwamba hakulipenda. Pakiti ndiyo iliyomwamulia. Kitu kidogo cha kigeni kikikaribishwa mezani humwita ndugu yake, na huyo humwita wa tatu, mpaka mwenyeji anakosa pa kukaa.

Wapo watakaosema kwamba mazoea ya kula kitu kitamu baada ya chakula ndiyo ya kigeni, na kwamba neno lenyewe, kitindamlo, limetungwa ili kutafsiri desturi ya watu wengine. Hoja hii si ya kupuuzwa. Ni kweli kwamba mababu zetu hawakungoja mwisho wa mlo ndipo wale tunda. Waliokota embe njiani, walitafuna muwa wakitoka shambani, walibugia zambarau mpaka ndimi zikageuka rangi. Lakini meza ya ugeni ipo sasa, katika mahoteli, mikutano, mahafali na arusi, nayo haitaondoka. Na neno limekwisha kuzaliwa, lina sauti nzuri, nasi hatuoni sababu ya kulitupa. Swali ni moja tu: ndani ya neno hilo tutaweka nini? Kama ni kopo, basi tumetafsiri jina tu na kuuacha ukoloni mamboleo uendelee kupakua.

Tusiutupe mzigo wote kwa wageni, hata hivyo. Sisi wenyewe tunalo kosa, nalo ni la zamani. Kwetu tunda ni chakula cha watoto na wagonjwa. Mzee mwenye heshima zake akionekana anamenya embe barazani, watu hucheka. Anayelazwa hospitali hupelekewa machungwa. Akipona, machungwa hukoma. Na pale tunapojaribu kuliheshimu tunda, twalizika katika sukari. Tumeona papai tamu la Kidodi likimwagiwa sukari vijiko vinne, eti kwa sababu sukari ndiyo heshima. Hapo Ruaha, ambapo moshi wa miwa huonekana kila msimu wa kuvuna, watoto hununua vifuko vya maji matamu yenye rangi, na maji hayo huitwa jina la tunda ambalo halikuguswa. Mtoto anajua rangi ya embe kwa kifuko kabla hajalijua kwa embe.

Si suala la ladha peke yake. Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa mwaka 1973, na mwaka 1975 vikundi vya kusikiliza redio vijijini vilijifunza kwa kampeni ya Chakula ni Uhai. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale matunda na mboga zisizopungua gramu 400 kwa siku, na mwaka 2015 lilitoa mwongozo wa kupunguza sukari ya kuongezwa. Pera la kwetu, lile ambalo hakuna hoteli itakayothubutu kuliweka mezani, lina vitamini C takriban mara nne ya ile ya chungwa lenye uzito uleule. Tunalo, twalidharau, kisha twanunua vidonge.

Tutaulizwa: basi mnataka tupike nini? Ni swali la haki, maana aliyekosoa bila kupika amefanya nusu ya kazi.

Wakati wa joto mwili hautaki kitu kizito. Chukua nanasi, limenye, ukate vipande vidogo. Chemsha mashina mawili matatu ya mchaichai katika kikombe cha maji na kijiko kimoja cha sukari, ya pale pale Kidatu, kijiko kimoja na si zaidi. Maji yakipoa, yachuje, uyamwage juu ya nanasi, uache kwa muda wa saa moja mahali pa baridi. Asiye na jokofu atumie mtungi. Chungu kilichosimama ndani ya sinia la maji, kimefunikwa kitambaa kibichi, hupoza vizuri kuliko watu wadhaniavyo. Papai linataka ndimu na tangawizi iliyokunwa, basi. Embe bolibo likatwe mistatili na kunyunyiziwa majani ya nanaa yaliyokatwa kwa kisu kikali. Nanaa isipondwe, maana hutoa uchungu. Embe lenye nyuzi likamuliwe na kuchujwa, litiwe ndimu kidogo, liliwe kwa kijiko. Ndizi mbivu, zilizokatwa duara na kulowekwa katika tui zito lenye iliki, watu wa pwani huzijua tangu zamani, ingawa wao huzipika. Nasi tunashauri wakati wa joto ziliwe baridi, tui likiwa limechemshwa kwanza na kupoa. Iliki haihitaji kutafutwa mbali, kwani Uluguru ni mlima wa viungo.

Halafu kuna ubuyu. Ukipita njia ya Iringa kutoka Mikumi unaliingia bonde la mibuyu, na mbele zaidi kuna Ruaha Mbuyuni, ambayo msomaji asiichanganye na Ruaha yetu ya Kilosa. Ubuyu tumeuachia watoto, tena baada ya kuupaka rangi nyekundu na sukari mpaka haujulikani. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliidhinisha rasmi unga wa ubuyu kuingia katika vyakula vyake, na tangu hapo huko wanaunyunyiza juu ya maziwa na matunda kwa bei kubwa. Sasa tunaogopa kwamba siku moja utarudi kwetu katika pakiti, na hapo ndipo nyumba ya wageni itauweka mezani. Kabla ya siku hiyo, loweka ubuyu usio na rangi katika maji yaliyochemshwa, usugue mbegu, uchuje, utie asali ya misitu ya miombo, umwage juu ya papai. Ukali wake na utamu wa papai hupatana kama waliowahi kuishi nyumba moja.

Kuhusu usafi, tunakubali kila neno la mabwana afya. Tunda lililokatwa njiani na kuachwa wazi kwa nzi ni hatari, na kipindupindu hakiheshimu uzalendo. Lakini dawa ya hilo ni maji safi, kisu safi na kifuniko. Tunda limevaa ganda lake. Ni mkono wetu ndio unaolichafua. Anayesema kopo ni salama kuliko embe anakiri tu kwamba hataki kunawa.

Wengine hulalamikia msimu. Embe likiisha, watasema, tutafanyaje? Tutakula kilichopo. Maembe yakipungua Februari, mapapai na ndizi zipo mwaka mzima, na katikati ya mwaka machungwa hujaa sokoni. Orodha ya chakula isiyobadilika kutoka Januari hadi Desemba si dalili ya maendeleo. Ni dalili kwamba mwenye hoteli hajatoka nje kutazama kilicho sokoni.

Tulipomaliza kula siku ile tuliomba kumwona mpishi. Alikuja akijifuta mikono kwa kanga, mama wa makamo, akatuamkia, nasi tukamshukuru kwa kuku wake, ambaye alistahili shukrani. Tukamwuliza: "Mama, nyumbani kwako, watoto wakishiba, unawapa nini?"

"Embe," akasema. "Na ndimu na chumvi kidogo. Wakubwa hutia pilipili."

"Na hapa je?"

Akatazama kuelekea ofisini kabla ya kujibu. "Hapa, wazee wangu, ndani ya stoo kuna makopo arobaini na mawili. Nimeambiwa yakiisha yataagizwa mengine."