Grafu Nzuri, Jibu Baya

Mtahiniwa anaweza kuchora grafu ya marudio limbikizi kwa mkono uliotulia, penseli imechongwa vizuri, kisha akapoteza alama zote za maswali yanayofuata. Kwa maoni yangu tatizo haliko kwenye kuchora. Tunafanya mazoezi mengi ya kuchora na tunasahau kusoma.

Chukua mtihani wa wanafunzi 40. Waliopata alama 1–20 ni 4, 21–40 ni 9, 41–60 ni 15, 61–80 ni 8 na 81–100 ni 4. Ukijumlisha hatua kwa hatua unapata 4, 13, 28, 36, 40. Sasa jiulize: hiyo 28 inasema nini? Wengi watajibu, "Ni waliopata 41 hadi 60." Sivyo. Ni wote waliopata 60 kushuka chini, pamoja na wale wa makundi yaliyotangulia. Ndiyo maana nukta yake inakaa kwenye 60.5, mpaka wa juu wa kundi. Ni hapo tu tunapokuwa na hakika kwamba wote 28 wamekwisha kuhesabiwa.

Anayeweka nukta katikati ya kundi, kama alivyozoea kwenye poligoni ya marudio, anasogeza mchoro wote kushoto kwa alama 10. Mediani, tunayoisoma kuanzia 20 kwenye mhimili wa wima, ilikuwa karibu 50. Sasa inasomeka karibu 40. Darasa zima limepokonywa alama kumi! Ubaya zaidi, tofauti kati ya robo ya kwanza na robo ya tatu haibadiliki, maana zote mbili zimesogea pamoja. Kwa hiyo jibu hilo litakuwa sahihi na wala hutashtuka.

Swali likiuliza ni wangapi walipata zaidi ya 60, usikimbilie kuandika 28. Iondoe kwenye 40, upate 12. Alama ziko kwenye neno "zaidi".

Kabla hujashika rula, tazama kwanza mwinuko wa mstari. Unapopanda kwa kasi, hapa kati ya 40.5 na 60.5, ndipo wanafunzi wamejaa. Ukilala, hapo hakuna mtu. Na ukishuka popote pale, futa: ama umechora marudio ya kawaida, ama umekosea kujumlisha.