Majina Yao Yalikuwa Jaridani

Ndugu msomaji, ikiwa umewahi kuwa mwanachama wa chama chochote, kiwe cha ushirika, cha wafanyakazi au cha kuzikana, unafahamu kwamba uanachama haukomei kwenye ada. Mwanachama huketi mkutanini, hunena, hupiga kura, naye huweza kuchaguliwa. Mwondolee hayo yote umbakizie ada peke yake, nawe utakuwa umemgeuza mgeni anayelipia kiti chake. Leo napenda tuwatazame wanawake waliotendewa hivyo na wasomi wa Uingereza, watu ambao kazi yao ilikuwa kupima na kuthibitisha kila jambo kabla ya kulikubali.

Chama cha Wakemia kiliundwa mjini London mwaka 1841 kwa juhudi za Robert Warington. Kilianza na wanachama 77, na rais wake wa kwanza alikuwa Thomas Graham. Mwaka 1848 kikapata Hati ya Kifalme. Wanachama walikutana kusomeana matokeo ya utafiti wao, wakayachapa katika jarida la chama, wakajiwekea maktaba. Usiyadharau mambo hayo. Mkemia asiyejua wenzake wamefika wapi huenda akapoteza miaka miwili akitafuta kitu kilichokwisha kupatikana. Na asiyejulikana na wenzake, nani atamkumbuka nafasi ya kazi inapotokea?

Jarida halikuwabagua wanawake. Makala ikiwa sahihi ilichapwa, na jina la mwandishi likawekwa. Katika muda wa miaka 30 hivi kabla ya mwaka 1904, wanawake wapatao 150 walikuwa wametajwa humo kuwa waandishi wa makala karibu 300, ama peke yao ama pamoja na wenzao. Lakini aliyeiandika makala hakuweza kuwa mwanachama wa chama kilichoichapa.

Na haikuwa kwamba jambo hilo halijapata kujaribiwa. Taasisi ya Kemia, chombo kingine cha wakemia wa Uingereza kilichoundwa mwaka 1877, ilimpokea Emily Lloyd mwaka 1892, na miaka miwili baadaye ikampa Lucy Boole uanachama kamili. Mbingu hazikuanguka.

Ndipo, mwaka 1904, Chama cha Wakemia kilipomchagua Marie Curie kuwa mwanachama wa heshima kutoka nchi za nje. Mwaka uliotangulia alikuwa ameshiriki Tuzo ya Nobel ya fizikia. Wanawake wa London na Cambridge wakajiuliza: ikiwa anayeishi Paris anafaa, sisi tulio hapa tuna ila gani? Mwezi Oktoba, wanawake 19 walitia sahihi barua ya kuomba wakubaliwe. Miongoni mwao walikuwamo Ida Smedley, Martha Whiteley na Edith Humphrey. Alikuwamo pia Ida Freund, mwalimu wa kemia katika chuo cha Newnham, Cambridge, ambaye alikuwa amepoteza mguu mmoja katika ajali ya baiskeli. Huyu ndiye anayekumbukwa kwa kuwaandalia wanafunzi wake jedwali la elementi lililopangwa kwa vikeki, kila kimoja na alama yake.

Barua hiyo haikuzaa matunda. Ile Hati ya mwaka 1848 ikageuzwa ngao, na wanasheria wakaulizwa kama sheria inamruhusu mwanamke. Lugha yetu ina bahati katika jambo hili: tukisema mwanachama, hatujasema mume wala mke. Henry Armstrong, profesa mwenye sauti kubwa chamani, alikuwa na hoja ya namna yake. Alidai kwamba, kama kipaji hurithiwa, basi wanawake wenye akili za kemia ndio hasa wanaopaswa kuepushwa na maabara ili wawe mama wa wakemia wa kesho. Tazama hoja hiyo ilivyo: kadiri mwanamke alivyoimudu kazi, ndivyo alivyostahili kunyimwa.

Wanaume wengi hawakukubaliana naye, na haki iwatendee nao. Mwaka 1908 wanachama 312, wakiwamo marais wa zamani, waliomba mlango ufunguliwe. Wanachama wote wakapigishwa kura kwa barua: 1,094 walisema ndiyo, 642 wakasema hapana. Je, mlango ulifunguliwa? La. Upinzani ndani ya Baraza ulikuwa mkali mno, nalo mwezi Desemba likabuni cheo kipya: mwanamke ataweza kulipa ada, atahudhuria mikutano, atatumia maktaba, lakini hatapiga kura wala kushika uongozi. Ni wachache tu waliokikubali cheo hicho. Mimi siwalaumu waliokikubali, maana maktaba ni maktaba. Wala siwalaumu waliokikataa.

Vita Kuu ilipozuka mwaka 1914, wanawake hao wakahitajika ghafla. Whiteley aliongoza kundi la wanawake katika maabara za Imperial College, South Kensington, wakichunguza gesi za vita na milipuko. Gesi moja ya kutoa machozi waliyoipima ikaitwa SK, kwa herufi za mtaa huo. Siku ilipoletwa gesi ya haradali, Whiteley alijipaka kidogo mkononi aone nguvu yake. Kidonda kilimtesa karibu miezi mitatu, na kovu likabaki kwenye kiwiko.

Mwaka 1919 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuondoa vizuizi vya jinsia katika kazi na vyama vya aina hiyo, na mwaka 1920 Chama cha Wakemia kikawapokea wanawake wake wa kwanza kwa haki sawa. Aliyetangulia alikuwa Ida Smedley, ambaye sasa alikuwa Bibi MacLean. Ida Freund hakuiona siku hiyo. Alifariki mwaka 1914. Whiteley alichaguliwa katika Baraza mwaka 1928.

Mwaka 1980 Chama cha Wakemia, Taasisi ya Kemia na vyama vingine viwili viliungana kuwa Chama cha Kifalme cha Kemia. Kiti cha urais wa chombo hicho kilikaliwa na mwanamke kwa mara ya kwanza mwaka 2012, naye ni Lesley Yellowlees. Edith Humphrey, aliyetia sahihi ile barua ya 1904, aliishi zaidi ya miaka 100, akafariki mwaka 1978. Ulipofika mwaka 1991, chama kikiadhimisha miaka 150, wakemia wa Uswisi walikiletea zawadi: fuwele alizozitengeneza Humphrey kwa mkono wake alipokuwa mwanafunzi huko Zürich.