Sinagogi la Nabugoye na magofu ya Kyaka

Mashariki mwa Uganda, karibu na Mbale, kuna kilima kiitwacho Nabugoye. Hapo wanasali Abayudaya, Waafrika wa dini ya Kiyahudi. Aliyewaanzisha ni Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuteka eneo hilo, kisha akakosana nao. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe, akajitangaza Myahudi.

Sinagogi la Musa walilojenga lilikuwa la matofali na bati, na hilo linatosha kabisa. Sinagogi halidai kuba wala mnara. Linadai kabati la hati za Torati upande wa Yerusalemu, ambako kwetu ni kaskazini, na meza ya kuzisomea. Mwaka 2016 lilifunguliwa jingine kubwa kilimani hapo, liitwalo Stern.

Miaka mingi kabla ya hilo la Stern alipita Idi Amin. Aliipiga dini yao marufuku. Masinagogi yakafungwa, wengi wakahamia Uislamu au Ukristo, waliobaki wakasali kwa kificho majumbani. Alipoondoka walikuwa kama 300 tu. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ileile Pasaka ya Kiyahudi ikaanza. Walioiteka ni wanajeshi wa Tanzania, pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, na safari yao ilianzia hapa Kagera.

Ndiyo maana sisi wa Miembeni, mjini Bukoba, tunalitaja sinagogi la Nabugoye. Vita vya Amin vilipotufikia Oktoba 1978, kanisa la Kyaka, humu mkoani Kagera, lilibomolewa. Magofu yake yangali yamesimama. Wa Nabugoye na wa Kyaka walionewa na mtu mmoja.

Vijana wa Abayudaya hawakungoja wafadhili. Miaka ya 1980 walikwenda kuishi kilimani ili kukirudisha mikononi mwa jamii yao. Sisi tunaombwa jambo dogo kuliko hilo. Tetemeko la 10 Septemba 2016 lilituonyesha jinsi kuta za zamani zinavyokwenda chini kwa sekunde chache. Basi kuta za Kyaka zipimwe, zichorwe na zipigwe picha mwaka huu, si baada ya nyufa kuongezeka. Wazee walioshuhudia wahojiwe wangali na nguvu ya kusimulia. Na shule za Bukoba na Muleba ziwapeleke watoto wakazione, wakiwa na mwalimu anayeweza kuwaeleza pia habari za Nabugoye.